Gari la Marehemu Baba na Fungu la Yatima

Nyuma ya nyumba yetu katika kata ya Isevya, mjini Tabora, pana mwembe mkubwa ambao chini yake gari la marehemu baba lilikaa kwa miaka 12 bila kuwashwa. Ni Land Rover ya zamani, ya toleo la tatu, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1971, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Baba aliinunua mnadani ikiwa tayari imechoka, akaitengeneza mwenyewe, akaitumia kubebea asali na mbao kutoka porini. Lakini wazee wa mtaa hawaikumbuki kwa asali. Wanaikumbuka kwa sababu kila palipotokea msiba, mchana au usiku, masika au kiangazi, gari lile ndilo lililotumwa kuchukua maiti hospitalini na kuifikisha makaburini, na baba hakupokea hata pesa ya mafuta.

Baba alipofariki, sisi tulikuwa bado chuoni tukisoma elimu ya dini. Shamba lake liliuzwa na fedha zikagawanywa kwa mujibu wa sheria ya mirathi. Nyumba, kwa ridhaa ya warithi wote, ilibaki kuwa makazi ya mama. Lilipofika suala la gari, mmoja wetu alisema, "Hilo ni bovu, halina thamani," na kikao kikafungwa kwa dua. Mwaka uliofuata akafariki kaka yetu wa pili, akaacha mjane na mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka minne. Gari likaendelea kukaa chini ya mwembe. Kuku wakataga chini ya kiti cha dereva, na maembe yakadondoka juu ya boneti kila msimu.

Mtoto yule sasa ana miaka 15 na analelewa nyumbani kwetu. Likizo iliyopita tulimkuta amelala chini ya gari akiwa na tochi mdomoni, akihesabu nati. Hatukuweza kumkaripia. Siku hiyohiyo tulitoa spana za babu yake kutoka ndani ya sanduku la mbao lililokuwa stoo, tukazipaka mafuta, na banda la kuni likageuka karakana.

Kwa wiki tatu hatukugusa ufunguo. Tulianza na breki, kwa kuwa gari lisiloweza kusimama halina haki ya kuondoka. Silinda ndogo za breki katika magurudumu yote manne zilikuwa zimeganda. Mbili tukazisafisha na kuzivisha mipira mipya, mbili zikatushinda, tukaagiza nyingine kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Kisha tukaikagua chesi. Bodi ya magari haya ni ya aluminiamu, kwa sababu yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi haishiki kutu, na mtazamaji hudhani gari zima ni salama. Lakini chesi ni ya chuma, na huoza kuanzia ndani. Tulimpa kijana nyundo ndogo, tukamwambia agonge na kusikiliza hatua kwa hatua. Palipo pazima palilia kama kengele. Sehemu mbili za nyuma zilitoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Hapo tukaweka alama ya chaki, tukashusha tangi la mafuta na kuondoa betri, ndipo tukamwita mchomeleaji.

Injini nayo tuliiendea kwa upole. Tulifungua plagi nne, tukamimina oili kidogo katika kila silinda, tukaiacha kwa siku mbili. Siku ya tatu tukaingiza hendeli mbele na kuizungusha kwa mkono. Ilikataa, ikakataa tena, halafu ikazunguka. Kijana aliandika kila jambo katika daftari: mpangilio wa waya za plagi kwa injini hii ni 1, 3, 4, 2, nafasi ya pointi ndani ya distributa ni karibu milimita 0.4, tangi lilitoa kokoto nusu kikombe. Kabureta tulimpelekea fundi mmoja wa mjini, mtu mzima anayesifika kwa mkono wake, akaifungua, akaisafisha na kubadilisha gasketi zake. Sisi wenyewe tukanunua vitu vidogo vya kulipendezesha gari: taa za nyuma, raba za milango, na kifuniko kipya cha tangi, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu.

Jumamosi moja baada ya Alasiri, gari liliwaka. Lilitoa moshi mwingi, likatikisika, likatulia. Mama alitoka jikoni na kanga yake begani, akasimama mlangoni asiseme neno. Kisha akasema, "Huo ndio mlio wake," akarudi ndani. Tulimfuata baada ya muda, tukamkuta ameketi, anafuta machozi.

Lakini furaha haikufika mbali. Tuligundua kwamba gari likitembea kama dakika 20, lilianza kukosa nguvu, likamisi, likazima. Likiachwa nusu saa, likawaka kama halikuwahi kuwa na ugonjwa. Makanika watatu walitupa majibu matatu. Tulibadilisha koili, tukabadilisha kondensa, tukabadilisha kiwambo cha pampu ya mafuta. Kila tulipolipima uani, petroli ilitoka kwa wingi katika bomba la kabureta na gari lilinguruma vizuri. Kila tulipotoka nje ya mji, likazima.

Hapo ndipo nafsi ilipotuchezea. Tukaanza kusema kwamba yule fundi wa kabureta hakuwa mwaminifu. Kwamba huenda alitoa vifaa vizima vya baba akatutilia vilivyochakaa. Hatukumwendea kumuuliza. Tulimwambia jirani mmoja, tukamwambia shemeji mmoja, na mara ya tatu, tunasema haya kwa aibu, tulimwambia mtu katika uwanja wa msikiti, tukiwa na viatu mkononi, dakika chache baada ya kutoa salamu ya swala. Sura ya Al-Hujurat, inayokataza dhana mbaya na kusengenyana, tunaihifadhi na tumeifundisha madrasa. Siku ile haikupita hata karibu na ulimi wetu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kwihara, kijana na sisi, kulijaribu tena. Wasomaji walio mbali wajue kwamba Kwihara iko nje kidogo ya Tabora, na pale lipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji. Kabla yao, mwaka 1857, Burton na Speke walipita hapa, mji ukiitwa Kazeh. Na kabla ya Wazungu hao wote, hii ilikuwa njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi walibeba mizigo ya pembe na vitambaa mabegani, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia kilo 30. Misafara ilipofika Tabora haikupita moja kwa moja. Ilipumzika. Mizigo ilishushwa, ikahesabiwa upya, wapagazi waliochoka wakalipwa haki zao, wengine wakaajiriwa, ndipo safari ikaendelea. Reli ilipofika mwaka 1912 miguu ya wapagazi ilipata mapumziko, lakini miembe ya njia ile bado inatoa kivuli.

Chini ya mmoja wa miembe hiyo ndipo gari lilipotuzimikia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akalitazama, akapapasa mlango.

"Hili si lile lililombeba mama yangu?" aliuliza.

Tukamjibu kwamba ndilo, na kwamba mwenyewe ni marehemu. Akamwombea rehema, akauliza, "Sasa ni la nani?" Tukasema, "Ni letu." Akashukuru, akaondoka.

Kijana alikuwa ameketi kwenye ubao wa mlangoni akichezea bisibisi. Baada ya kimya kirefu akasema, "Baba mdogo, uliposema ni letu, letu sisi akina nani?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama anavyouliza waya huu unakwenda wapi. Nasi hatukuwa na jibu. Tukamwambia kwamba tutazungumza nyumbani, tukainamia injini ambayo hatukuwa tukiitazama.

Ndugu msomaji, sisi ni katibu wa kamati ya msikiti. Watu wakigombea mirathi, sisi ndio tunaoandika muhtasari wa kikao. Tumewaambia wengi kwamba haki ya maiti ni kuzikwa, kisha deni lake kulipwa, kisha wasia wake usiozidi theluthi kutekelezwa, kisha warithi kupewa mafungu yao bila kucheleweshwa. Na miaka yote hiyo, nyuma ya dirisha la chumba chetu cha kulala, ilikaa mali isiyogawanywa, yenye fungu la yatima ndani yake, ikiota kutu. Kisha tukaifungua, tukaikata, tukaichomelea na kuijaribu barabarani, tusimuombe idhini mshirika hata mmoja.

Usiku ule tulichukua kalamu. Siku ya kifo cha baba walikuwepo mama, watoto watatu wa kiume na binti mmoja. Mama ana thumni, yaani fungu moja kati ya manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kila mwana mawili, dada yetu moja. Hapo hesabu ni nyepesi. Lakini kaka yetu alifariki kabla fungu lake la gari halijatolewa, hivyo mafungu yake mawili yanarithiwa upya: mama yake sudusi, mkewe thumni, na mwanawe kinachobaki. Ili zote zigawanyike bila vipande, gari inabidi liwe na mafungu 96. Sisi tuna 24, kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam 24, mama 16, dada 12, mjane wa marehemu 3. Na kijana aliyekuwa akilala chini ya gari na tochi mdomoni ana mafungu 17. Tukajumlisha mara mbili. Ni 96 kamili.

Asubuhi tulimpigia simu kaka mkubwa, tukamweleza yote. Hakufurahi. "Mmelikata gari la baba, mmemuuliza nani?" alisema. Tulikiri kwamba hatukumuuliza yeyote, tukamwomba radhi, na tukasema kwamba gharama zote tulizotumia zitabaki kuwa zetu, hatutamdai mrithi hata senti. Akanyamaza, kisha akauliza kama linawaka. Tukasema linawaka, na linazima.

Mama alikuwa akisikiliza akichambua mchele. Simu ilipokatwa akauliza, "Linazima vipi?" Kwa wiki zote zile hakuna aliyemueleza, tulidhani mambo ya injini hayamhusu. Tukamueleza. Akasema, "Baba yenu likimzimikia njiani alikuwa akifungua kifuniko cha tangi kwanza, ndipo afungue boneti. Alisema gari nalo linapumua."

Kijana alikimbilia stoo, akarudi na kile kifuniko cha zamani tulichokitupa kwenye boksi. Alikipangusa, akakiinua kwenye mwanga. Katikati yake palikuwa na tundu dogo la kupitishia hewa. Kifuniko chetu kipya, kizuri, kinachong'aa, ambacho kumbe kilitengenezewa gari la aina nyingine, hakikuwa na tundu lolote.

Sababu yake ni nyepesi, na muuza duka yeyote wa mafuta ya kula anaijua. Ukitoboa tundu moja katika debe lililofungwa, mafuta hutoka kwa kukwama. Ndiyo maana hutobolewa mawili, moja la mafuta na jingine la hewa. Pampu ya gari huvuta petroli, na hewa lazima iingie tangini kushika nafasi ya petroli iliyotoka. Isipoingia, tangi nalo huvuta kwa upande wake, na nguvu yake huongezeka hadi pampu ishindwe na kabureta ikauke. Likiachwa nusu saa, hewa hujipenyeza polepole, na gari likawaka. Na kwa nini uani halikuwahi kuzima? Kwa sababu kila tulipolipima tulifungua kwanza kifuniko ili kuingiza kijiti na kuona kiasi cha petroli. Tulikuwa tukimponya mgonjwa kabla ya kumpima, kisha tunashangaa kwamba ni mzima.

Hatukutaka kudhani tena, kwa hiyo tulilijaribu. Tulikwenda barabara ya Sikonge na kifuniko kipya hadi likazima. Kijana akateremka, akakizungusha kidogo, na sote tukasikia hewa ikiingia kwa mluzi mrefu. Tukapiga stata, likawaka papo hapo. Tukaweka kifuniko cha zamani na kutu yake, tukaendesha kwa saa mbili bila kusimama.

Jioni ile, kabla ya Magharibi, tulimwendea fundi wa kabureta. Alikuwa akikaza gurudumu la bajaji. Tulimweleza tulilolidhania na watu watatu tuliowaambia, tukamwomba atusamehe. Alikaza nati ya mwisho, akajipangusa mikono.

"Mimi niliwaambia mniletee gari likiwa limezima," alisema. "Nyinyi mkaniletea linawaka. Maneno yenu yalinifikia siku nyingi, katibu. Nilikuwa nasubiri muje."

Alitusamehe. Lakini wale watu watatu ilibidi tuwaendee mmoja mmoja, na tuliyemwambia uwanja wa msikiti tukamwambia palepale tulipomwambia mwanzo. Kifuniko tulikibadilisha kwa dakika moja. Kuyarudisha maneno yetu kulichukua siku nne, na bado hatuna hakika kwamba yote yamerudi.

Likabaki gari lenyewe. Mama alipendekeza liwekwe wakfu kwa ajili ya kubeba jeneza, kama lilivyokuwa likifanya. Rai njema, lakini nia njema haimpi mtu haki ya kutoa kisicho chake. Mlezi wa yatima hulinda mali yake. Hana mamlaka ya kuitolea sadaka, hata kwa msikiti, hata mtoto mwenyewe akiitikia kwa adabu mbele ya watu wazima. Tuliwaita watu wawili wanaojua bei za magari, wasio ndugu zetu, wakalithamini likiwa zima: shilingi 4,800,000. Kwa hiyo kila fungu ni shilingi 50,000.

Mama, dada na sisi tulitoa mafungu yetu yote, 52, kuwa wakfu. Kaka mkubwa alitoa nusu ya mafungu yake na kutaka alipwe nusu. Nayo ni haki yake, na yeyote asimnung'unikie. Shemeji yetu mjane alisema wazi kwamba fedha zake anazihitaji. Mafungu yake 3, ya kaka 12 na ya kijana 17 yakafanya 32, yaani shilingi 1,600,000 ambazo waumini walipaswa kuzitoa ili gari liwe la wakfu lote. Kikao cha kamati kilipojadili bei, tulimkabidhi mjumbe mwingine kalamu na kutoka nje, kwa kuwa hatukuweza kuwa wauzaji na waandishi wa muhtasari kwa pamoja. Michango ilichukua wiki tisa. Wa kwanza kulipwa alikuwa yatima, shilingi 850,000, na siku hiyo mama yake alikuwepo na alitia saini kama shahidi.

Tulimuuliza kijana anataka fedha zake zitunzweje. Alisema anataka kusoma ufundi wa magari, na kwamba akikua akiona vema atatoa kitu kwa ajili ya lile gari, lakini si sasa. Tulilipenda jibu hilo kuliko kama angesema zote ni za msikiti.

Gari limeshabeba jeneza mara sita hadi tunapoandika. Safari ya kwanza ilikuwa alfajiri, kutoka Kitete, na mvua ilikuwa ikinyesha. Tulipowasha injini, mlango wa dirisha la mama ulifunguka kidogo, kisha ukafungwa.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunacho kitu nyuma ya nyumba: baiskeli ya marehemu, cherehani ya marehemu, kiwanja kisicho na hati, ng'ombe aliyeko kwa mjomba. Tunasema ni kibovu, au ni kidogo, au tutakaa siku moja tuzungumze. Tafadhali kaeni mwezi huu. Andikeni majina ya warithi wote, wakubwa na wadogo, wa karibu na wa mbali. Na palipo na mtoto, anzeni na yeye. Twamwomba Allah awarehemu wazazi wetu, awasamehe waliochelewesha haki kwa kughafilika, na atujaalie kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amin.